Kitabu cha Mwongozo na Mji: Namna ya Kuijua Unguja Mjini kama Mwenyeji

  Wekeni karibu daftari na kalamu, maana mwisho wa somo iko kazi ya kufanya.

Juma lililopita tulijifunza kusoma ramani. Leo twasogea mbele hatua moja. Tutajifunza namna ya kutumia kitabu cha mwongozo, yaani kile kitabu kinachoandikwa kwa ajili ya mtu anayeingia katika mji asioujua. Ili somo lisiwe la maneno matupu, tutachukua mji mmoja na kutembea ndani yake pamoja. Mji huo ni Unguja Mjini, na hasa sehemu ile iitwayo Mji Mkongwe.

Huenda mmoja wenu akasema: "Mwalimu, vitabu hivyo ni vya watalii wanaokuja kupiga picha. Mimi natoka Tabora, nasema Kiswahili. Nikifika Unguja nitauliza tu." Hoja hiyo ina nguvu, na wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Lakini ili uulize, hapana budi ujue cha kuuliza. Mtu aweza kupita Mkunazini kila siku kwa juma zima, akinunua ndizi na kurudi nyumbani alikofikia, asijue kwamba amepita penye jambo kubwa katika historia ya nchi zetu. Hakuuliza, kwa sababu hakujua kuwa lipo swali.

Yupo na mwingine wa namna ya pili. Huyu ameshika kitabu mbele ya uso wake kutoka asubuhi hata jioni. Anatazama ukurasa, anatazama jengo, anatia alama, anakwenda jengo la pili. Jioni ameona majengo 12, wala hakuzungumza na mtu hata mmoja isipokuwa yule aliyemuuzia maji. Huyu naye hakuujua mji. Somo letu la leo latafuta njia iliyo kati ya watu hawa wawili.

MASWALI MATATU YA KUKIULIZA KITABU

Kwanza tujue vitabu hivi vilitoka wapi. Vilienea Ulaya katika karne ya 19, wakati meli za moshi na reli zilipowawezesha watu wengi kusafiri. Huko London, John Murray alianza kutoa miongozo yake mwaka 1836. Katika Ujerumani, Karl Baedeker, aliyeanzisha kazi yake ya vitabu katika mji wa Koblenz mwaka 1827, alitoa miongozo iliyopata sifa kubwa. Yeye alikuwa na desturi ya kutia alama ya nyota kando ya jina la mahali alipoona panastahili kutazamwa kuliko pengine. Desturi hiyo ya nyota ingali ipo katika vitabu vingi hata leo.

Sasa fikirini kidogo juu ya nyota hiyo. Nyota haikuota ukutani pa jengo. Ni mtu aliyeiweka, naye aliiweka kwa kufuata mambo anayoyapenda yeye na wasomaji wake. Kwa hiyo, ukishika kitabu cha mwongozo, kiulize maswali matatu kabla hujakiamini. La kwanza: kiliandikwa lini? La pili: kiliandikwa kwa ajili ya nani? La tatu: mwandishi amejuaje hayo anayoyasema? Andikeni maswali hayo katika daftari zenu. Lini, kwa nani, na amejuaje.

LINI?

Fungua kitabu, tafuta ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo. Hapo utaona mwaka wa kuchapwa. Watu wengi huuruka ukurasa huu, nao ni wa maana sana.

Nitoe mfano. Pale ufukoni, mbele ya bustani ya Forodhani, lipo jengo liitwalo Beit el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe zake. Ndilo jengo la kwanza mjini lililotiwa taa za umeme. Baadaye likawa ofisi za serikali, na baadaye tena likawa nyumba ya makumbusho. Kitabu kilichochapwa mwaka 2005 chaweza kukuambia upande ngazi, utazame vyombo vilivyomo, kisha usimame barazani juu uangalie bahari. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo ilianguka, na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi ya ukarabati wakafa. Mtu aliyeshika kitabu cha 2005 bila kutazama mwaka wake atakwenda kutafuta ngazi na makumbusho ya zamani hizo.

Basi tugawe habari za kitabu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mambo yanayochakaa upesi: nauli, bei ya chumba, saa za kufungua, mahali pa kupandia magari, na nyumba za kulia chakula. Haya uyaulize upya kwa watu wawili walio mbalimbali kabla hujatoa fedha. Fungu la pili ni mambo yanayochakaa polepole: umbo la mji, majina ya mitaa, historia ya majengo. Haya kitabu cha zamani chaweza kuyaeleza vizuri, pengine kuliko kipya.

KWA NANI?

Miongozo mingi inayouzwa juu ya Unguja imeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi anamfikiria msomaji atokaye mbali. Hilo si kosa, lakini yakupasa kulijua. Mambo mengine atakueleza ambayo wewe unayajua tangu utotoni, kama kuvua viatu mlangoni au kula kwa mkono wa kulia. Mambo mengine hatakueleza, kwa kuwa msomaji wake hayamhusu.

Jihadharini na saa. Kitabu cha Kiingereza kikiandika kwamba mahali panafunguliwa saa 9 asubuhi, hiyo ni saa 3 yetu. Kikiandika saa 4 alasiri, hiyo ni saa 10 yetu. Kanuni ni rahisi: ondoa 6, na kama haiwezekani kuondoa, ongeza 6. Jaribuni wenyewe: saa 11 ya asubuhi katika kitabu ni saa ngapi yetu? Vema, ni saa 5. Na saa 2 ya mchana? Ni saa 8.

Lakini ninyi mnaosema Kiswahili mna jambo ambalo msomaji wa mbali hana. Majina ya mitaa yenyewe ni kitabu cha mwongozo, nanyi mwaweza kukisoma bila kukinunua. Tazameni. Forodhani ni mahali pa forodha, palipokuwa pakishushwa mizigo na kutozwa ushuru. Mkunazini ni penye mkunazi. Soko Muhogo ni soko lililouzwa muhogo. Hamamni ni penye hamamu, na kweli hapo pana bafu za watu wote zilizojengwa wakati wa Sultani Barghash. Darajani ni penye daraja. Mgeni wa mbali asoma "Darajani" kama jina tu, anunua samaki sokoni, aondoka. Wewe uliye Mswahili yakupasa kusimama na kuuliza: daraja liko wapi? Hapa naona soko, magari na barabara kavu. Swali hilo liwekeni kando, tutalirudia.

MATEMBEZI YA KWANZA

Sasa tumefika. Meli imetushusha bandarini Malindi. Hapo watakuja vijana wakikusemesha kwa haraka, kila mmoja akijua nyumba ya wageni iliyo bora. Wenyeji huwaita papasi, jina la mdudu afananaye na kupe, maana akishika haachi. Usiwatukane, nao watafuta riziki. Sema "ahsante, ndugu yangu, nimekwisha kupata", kisha tembea kama mtu ajuaye aendako. Ukitaka kutembezwa, tafuta mwongoza wageni mwenye kitambulisho cha kazi, na mpatane malipo kabla ya kuanza.

Siku ya kwanza usitafute jengo lolote. Siku ya kwanza tafuta mipaka. Kisome kitabu asubuhi ukiwa umeketi, itazame ramani mpaka uione ukiwa umefumba macho, kisha kitie mfukoni. Mgeni ni kuku mweupe, wasema wahenga. Na mgeni aliyefungua kitabu njia panda ni kuku mweupe mara mbili.

Katika ramani utaona kwamba Mji Mkongwe una umbo la pembetatu. Pande mbili ni bahari. Upande wa tatu ni barabara kuu ipitayo Darajani, iliyoitwa zamani kwa Kiingereza Creek Road, na sasa yaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Ndani ya pembetatu hiyo vichochoro vimejipinda kama nyuzi za kikapu, na nyumba ndefu za mawe zimeziba anga. Hata ramani iliyo katika simu mara nyingi huchanganyikiwa humo. Lakini usiogope kupotea. Ukishika mwelekeo mmoja, baada ya muda mfupi utatokea ama baharini ama katika barabara kuu. Ukitokea katika mojawapo, umekwisha kujua uliko.

Tena iko dira nyingine. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Unguja. Kwa hiyo kibla cha misikiti ya hapa ni kaskazini. Ukiona kwa nje ukuta wa msikiti umetokeza kama nusu ya mviringo, mara nyingi hapo ndipo mihrabu ilipo, na huko ndiko kaskazini. Mji huu una misikiti mingi. Mtu ajuaye jambo hili anayo dira kila baada ya hatua chache, hata jua lisipoonekana.

Zunguka basi pande zote tatu za mji kwa miguu. Wala si kazi kubwa. Jioni rudi nyumbani, fungua kitabu, fuata kwa kidole njia uliyopita. Hapo ramani itaanza kuwa yako.

AMEJUAJE?

Siku ya pili chagua mahali pamoja tu, wala si majengo 12. Sisi tutakwenda Mkunazini, na hapa ndipo lilipo lile swali la tatu: mwandishi amejuaje?

Mkunazini lilikuwako soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa na Tanganyika, waliuzwa hapa hadharani. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari na kuyafunga masoko yao. Wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kuu juu ya kiwanja hicho. Askofu Edward Steere, yule aliyeshughulikia sana lugha ya Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo. Utumwa wenyewe haukuisha siku ile ya 1873. Ulipigwa marufuku kisheria kwa amri ya mwaka 1897, na hata hiyo haikuwafungua wote kwa mara moja.

Haya yote yameandikwa katika miongozo, na ni kweli. Lakini miongozo mingi yaendelea. Yasema kwamba karibu na kanisa, chini ya jengo moja kubwa la mawe, viko vyumba vya giza ambamo watumwa walifungiwa wakingoja kuuzwa. Watembezaji huwaingiza wageni humo wakainama, wakaona minyororo, wakatoka wakifuta machozi.

Sasa mwulize mwandishi: umejuaje? Wanahistoria wameonyesha kwamba jengo lile lilijengwa na misheni yenyewe mwishoni mwa karne ya 19, kwa kazi ya hospitali. Tufanye hesabu. Soko lilifungwa mwaka 1873. Jengo lilikuja miaka mingi baadaye. Basi vyumba vya chini ya jengo hilo vingewezaje kuwafungia watu wa sokoni?

Nisikilizeni vizuri hapa, maana jambo hili laweza kueleweka vibaya. Sisemi kwamba soko halikuwako. Lilikuwako, hapo hapo, na mateso yake yalikuwa ya kweli. Waliouzwa hapo walikuwa babu na bibi za watu, na pengine baadhi yenu mnaonisikiliza mmetoka katika koo zilizopokonywa watu wake. Kwa sababu hiyo hasa, yafaa habari zao zielezwe kwa ukweli. Ukiongeza chumba ambacho hakikuwako, siku moja atakuja mtu mwenye ubishi, atakionyesha chumba hicho kuwa si cha kweli, na kwa kosa hilo moja atataka kuikana habari nzima. Uwongo mdogo uliosemwa kwa huruma huwa mlango wa uwongo mkubwa.

Kwa hiyo jifunzeni kugawa maneno ya kitabu katika aina tatu. Aina ya kwanza ni kile unachoweza kukiona mwenyewe: mlango huu umechongwa samaki na minyororo, ukuta huu ni wa mawe ya matumbawe. Aina ya pili ni jambo lenye tarehe na ushahidi: mkataba wa mwaka fulani, kaburi la mtu fulani. Aina ya tatu ni lile linaloanza na neno "inasemekana". Hilo msilitupe. Inasemekana, kwa mfano, kwamba jina la mtaa wa Hurumzi latokana na neno "huru", kwa sababu ya watumwa walioandikiwa uhuru katika nyumba moja ya hapo. Hadithi kama hiyo yatuonyesha watu walikumbuka nini, na hilo nalo ni elimu. Lakini iandike katika daftari kama hadithi, wala si kama tarehe.

WATU WA MJI

Kitabu kimekufikisha mlangoni. Kuingia ndani ni kazi ya ulimi wako.

Mbele ya nyumba nyingi za Mji Mkongwe kuna vibao vya mawe vya kukalia, ndizo baraza. Hapo watu huketi jioni, hucheza bao, hunywa kahawa ya kikombe kidogo kwa kashata, hubishana habari za mpira na siasa. Pale Soko Muhogo pana njia panda mashuhuri, iitwayo Jaws Corner, na miongozo huitaja. Mgeni husimama kando, hupiga picha ya wazee, huenda zake. Wewe usifanye hivyo. Toa salamu kwanza. Kwa mzee, "Shikamoo, mzee wangu", ungoje "Marahaba". Kwa wote, "Salaam aleikum". Nunua kikombe cha kahawa, keti kama nafasi ipo, nyamaza kidogo. Ukiulizwa utokako, sema. Halafu ndipo uulize lako.

Tena usiulize swali la jibu moja, kama "Jengo hili la mwaka gani?" Hilo limo kitabuni. Uliza, "Mzee, hapa palikuwaje ulipokuwa mdogo?" au "Kwa nini mtaa huu waitwa Kajificheni?" Huenda wazee wawili wakakupa majibu mawili yasiyopatana. Msihangaike. Yaandikeni yote mawili.

Na adabu zingine mwazijua, lakini si vibaya kukumbushana. Usimpige mtu picha bila ruhusa yake. Usisimame kwenye mlango wa nyumba ya mtu ukachungulia uani. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana, hata kama wewe hufungi. Ukitaka kujua mahali pazuri pa kula adhuhuri, waangalie wachukuzi na wauza duka wanakwenda wapi. Forodhani usiku ni pazuri, pana mishikaki, pweza na maji ya muwa. Lakini bei utakayotajiwa yategemea sana jinsi ulivyofungua kinywa chako. Anza kwa salamu, kisha uliza bei kabla kitu hakijatiwa sahanini.

KITABU KINAPOKOMEA

Sasa turudi kwenye lile swali tuliloliweka kando. Daraja la Darajani liko wapi?

Jibu ni hili. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliingia ndani na kuutenga na upande wa mashariki, na watu walivuka kwa daraja. Ng'ambo ya maji waliishi watu wengi wasio na uwezo: watumwa na waliokuwa watumwa, wavuvi, mafundi, wachukuzi, watu waliotoka bara na visiwani kutafuta kazi. Mahali hapo pakaitwa Ng'ambo. Baadaye maji yale yalifukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake, na daraja likabaki katika jina tu.

Sasa chukua kitabu chako cha mwongozo, utazame ramani yake. Katika vitabu vingi ramani hukoma pale pale palipokuwa na maji. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na haki yake. Lakini maji yamefukiwa, na mwandishi wa kitabu bado hajavuka.

Siku ya tatu basi, vuka barabara. Ng'ambo ndiko alikoishi Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba, akaja mjini, akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Sahani zake za santuri zilisikika pwani yote ya Afrika Mashariki. Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Ng'ambo iko Raha Leo, palipokuwa na studio za redio wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964. Iko Kisiwandui, mahali alipouawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Yako maghorofa marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ili watu waliokaa katika vibanda wapate nyumba zenye maji na umeme. Wako wapenzi wa majengo wasiyoyapenda. Lakini mwulize mama aliyelea watoto wake humo, naye atakueleza alikotoka.

Wengi wa watu wa mji huu hulala Ng'ambo. Asubuhi huvuka barabara kwenda kufanya kazi katika Mji Mkongwe: kupika, kufagia, kuuza, kuchonga, kuongoza wageni. Mgeni akimaliza siku zake bila kuvuka, amewaona watu hawa kazini tu, hakuwaona kwao. Basi popote mwendapo, iwe Mombasa, Kampala au London, tafuteni mahali ambapo ramani ya kitabu inakoma, kisha mwulize kwa nini imekoma hapo.

ANDIKA PEMBENI

Neno la mwisho. Kitabu cha mwongozo si msahafu. Ni ruhusa kuandika pembeni yake kwa kalamu ya risasi. Jengo likiwa limefungwa, andika, na tarehe. Bei ikiwa imebadilika, andika. Mzee akikupa jina la zamani la mtaa, andika jina hilo, na andika kuwa uliambiwa barazani mahali fulani, siku fulani. Anayekuja baada yako atafaidika, na akiuliza "amejuaje?" atapata jibu. Ukifanya hivi siku tatu, utaona kitabu kimekuwa na waandishi wawili, na mmoja wao ni wewe.

KAZI YA JUMA HILI

Vikundi vyote vijaribu maswali haya:

1. Tafuteni kitabu, gazeti au karatasi yoyote inayoeleza mji au wilaya. Ilichapwa lini? Ni habari gani zimekwisha kuchakaa?

2. Andikeni majina 5 ya mitaa au vijiji vya kwenu. Kila jina lina maana gani? Waulizeni wazee wawili, mmoja mmoja. Majibu yakitofautiana, yaandikeni yote.

3. Chagueni jambo moja la historia ya kwenu linalosimuliwa sana. Ligaweni: ni lipi linaloonekana kwa macho, ni lipi lenye tarehe na ushahidi, na ni lipi linaloanza na "inasemekana"?

4. Andikeni ukurasa mmoja wa mwongozo wa mji au kijiji chenu, kwa ajili ya mgeni atakayekaa siku moja. Mkimaliza, usomeni kwa sauti mbele ya kikundi, kisha kila mtu aseme ni sehemu gani ya kwenu imesahauliwa, na ni nani wanaoishi huko.

Swali la nne lisifanywe na mtu mmoja peke yake. Lifanyeni pamoja, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, maana kila mmoja ana njia zake anazopita.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutajifunza namna ya kuandika barua ya kuuliza habari katika ofisi.